Sura ya Tisa: Uzi wa Pili Kutoka Chini

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya Inspekta Honorine Mwenya saa mbili na dakika nne asubuhi, akiwa bado mlangoni pa ofisi na kikombe cha chai mkononi. Aliusikiliza amesimama.

"Mama inspecteur, ni miye Abigaël. Niko Pweto, kwa tantine yangu." Kimya. "Ile nilikuambia juu ya accident ni bongo, haina kweli." Kimya. "Kambale njo alikuwa anaendesha. Musinitafute." Kimya tena, sekunde nne nzima, kisha ujumbe ukakatika.

Honorine alipiga namba ile. Ilikuwa imezimwa.

"Djo," aliita. "Weka mafuta mu gari."

Koplo Djo, dereva wake na mkono wake wa kulia kwa miaka sita, alichungulia. "Kuna nini, chef?"

"Shahidi yetu amepotea. Na audience ku tribunal ni leo, saa nane."

Kesi yenyewe haikuwa na mafumbo. Wiki tatu zilizopita, kwenye barabara ya Naviundu, pickup nyeupe ilimgonga muuza makaa mmoja aitwaye Onésime, aliyekuwa akisukuma baiskeli yake. Gari lilikimbia bila kumsaidia. Onésime alikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Pickup ilikuwa ya Patron Rodrigue, mwenye malori, na Rodrigue alimtaja mara moja dereva wake: Kambale, mtu wa Butembo, baba wa watoto wanne. Kambale alikuwa gerezani tangu siku ile, na kila alipoulizwa alijibu neno moja tu, kwamba siku ile hakugusa usukani.

Halafu, siku nane zilizopita, Abigaël alikuja. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa gitaa, na kati ya wanafunzi wake alikuwamo Graciella, binti wa Rodrigue. Alikaa kwenye kiti kilekile mbele ya Honorine akasema: "Nilikuwa ndani ya ile gari. Patron njo alikuwa anaendesha, yeye mwenyewe." Alitia sahihi maelezo yake. Jana jioni mama yake alipiga simu kusema binti hakurudi nyumbani.

Honorine alisikiliza ujumbe tena. Mara ya tatu alivaa vipokea sauti masikioni.

"Djo, huyu mutoto anasemaka namna gani? Unakumbuka?"

"Mbio. Kama mutu anakimbia mvua."

"Sasa sikia hapa."

Djo alisikiliza. "Anavuta maneno. *Yanguuu*. *Kweliii*."

"Anavuta mwisho wa kila sentensi, na zote ziko pa sauti moja, kama mutu anaimba. Akimaliza, ananyamaza." Honorine aliongeza sauti hadi mwisho. "Na wakati amenyamaza, kuna kintu kinalia."

Ilikuwa sauti nyembamba sana, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na ilikuwa ikitetemeka: wa-wa-wa-wa.

Lakini kazi huanza na lililo wazi, na lililo wazi lilikuwa Pweto, kwa huyo shangazi. Honorine alimpigia Michée, polisi mwenzake wa kule ziwani. Saa tatu na nusu Michée alirudisha simu, mwenye furaha.

"Tumemupata! Abigaël. Amefika jana na lori ya samaki wakavu. Iko hapa mbele yangu."

Djo alipiga meza kwa kiganja. Honorine hakutabasamu. "Mupe telefone."

"Allô?" Sauti ilikuwa nzito, ya mama mtu mzima. "Bwana polisi, mulinikamatia nini? Samaki yangu inaoza!"

"Mama, uko na miaka ngapi?"

"Makumi tano na nane! Na ile inaingia wapi mu samaki?"

Honorine alimwomba radhi Abigaël huyo mwingine, akakata simu, akatazama saa. Dakika themanini na tano zilikuwa zimekwisha bure.

"Twende Katuba," alisema. "Kwa Papa Godé."

*

Godefroid, ambaye wengi walimwita Papa Godé, alikuwa amefundisha fizikia kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Sasa alitengeneza magitaa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na hakuna mpiga gitaa wa mjini ambaye hakupita mlangoni pake. Alikuwa mtu wa Kasai, mwenye miwani mizito na maneno machache. Aliusikiliza ujumbe mara mbili, macho yamefumbwa.

"Ni gitaa," alisema.

"Nani anapiga?"

"Hakuna mutu anapiga. Njo iko muzuri pale." Alichukua gitaa moja, akalilaza juu ya meza. Akachana kipande kidogo cha karatasi, akakikunja, akakipandisha juu ya uzi mmoja kama mtu aliyepanda farasi. "Mama Honorine, simama kule. Imba. Anza chini, panda polepole."

Honorine hakuwa amekuja kuimba. Lakini aliimba, akipanda ngazi kwa ngazi. Karatasi ilitulia. Alipofika noti fulani ikaruka, ikaanguka mezani. Hakuna aliyeigusa.

"Kila uzi iko na noti yake," mzee alisema. "Ukiimba noti ingine, inalala. Ukiimba yake, inaamuka, inajibu. Huyu mutoto aliimba noti inaitwa *si*. Mara tatu, *si*, sawasawa. Anajua nini anafanya. Alikuwa mu chumba moja na gitaa, alikuwa anaiita."

"Chumba gani?"

"Kidogo. Kimefungwa. Hakuna upepo ya ziwa, hakuna kuku, hakuna njia." Godefroid aliinua kidole. "Lakini sikia kule kutetemeka. Wa-wa-wa. Uzi moja haitetemeke vile. Ni nyuzi mbili ziko karibu-karibu, lakini hazipatane vizuri. Moja imeshuka kidogo."

"Gitaa ya nyuzi mbili-mbili."

"Kumi na mbili kwa jumla. Mu muji hii nazijua tano, pengine sita." Alivua miwani, akaifuta. "Siku kumi zilizopita Abigaël aliniletea moja hapa. Niliweka nyuzi mupya. Nilimuambia: huu ufunguo wa kukazia uzi ya *si* umechoka, utateleza, uzi moja itashuka kila siku kidogo. Alisema patron atalipa mara ingine, akaenda nayo."

Honorine aliacha kuandika. "Patron gani?"

"Rodrigue. Gitaa ni ya binti yake."

Djo alikuwa tayari amefikia mlango. Honorine hakusogea. "Papa Godé, unaweza kuapa mbele ya juge kama ni ile gitaa?"

"Hapana." Mzee alivaa miwani yake. "Naweza kuapa kama ni gitaa ya nyuzi kumi na mbili, na *si* yake moja imeshuka. Zaidi ya pale itakuwa bongo yangu miye."

"Basi nifundishe namna ya kuiita."

Alimfundisha kwa dakika kumi. Uzi wa pili kutoka chini, ukiachwa wazi, ndio *si*. Upige kwa nguvu, kisha uzime kwa kiganja. Ikiwa gitaa lingine liko karibu, litaendelea kulia wakati lako limenyamaza. Halafu ubonyeze uzi uleule nafasi ya kwanza ya shingo, upige tena: noti imebadilika, lile lingine litakaa kimya. "Kama inajibu yote mbili, ni bati ama ni dirisha. Kama inajibu moja tu, ni gitaa."

"Na hii?" Honorine alikuwa amegusa uzi bila kuubonyeza, katikati kabisa, na ukatoa mlio wa juu, safi, kama kengele ndogo.

"Ile ni *harmonique*. Ile sasa gitaa haiifanye yenyewe hivi. Ile inaomba kidole cha mutu."

*

Garini, Honorine alimpigia hakimu wa upelelezi, Désiré, akaomba kibali cha kupekua nyumba.

"Kwa sababu ya nini?" Désiré aliuliza.

"Uzi ya gitaa inayolia mu message."

"Inspecteur, yule bwana iko na avocats watatu wa kumutetea. Nikitia sahihi juu ya uzi ya gitaa, kesho tutachekwa miye na weye. Uniletee kintu mutu anaweza kushika."

"Na nikimusikia mutu anaomba musaada ndani?"

"Pale ni flagrance, kukamata mutu mu kosa lenyewe. Pale hauna lazima ya karatasi yangu. Lakini umusikie kweli, Honorine. Kweli."

Ilikuwa saa sita kasoro robo walipofika kwenye nyumba ya Rodrigue, kando ya barabara ya Luano, nyuma ya ukuta mrefu. Mlinzi aliwaona, akaingia ndani kwanza. Walisubiri getini dakika sita. Honorine alizihesabu. Ni nyingi kwa mtu anayekwenda tu kumwambia bosi wake kwamba kuna wageni.

Rodrigue aliwapokea sebuleni, amevaa suti ya kijivu, tai haijafungwa. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye mikono mikubwa. Televisheni ilikuwa ikipiga kelele.

"Mama inspecteur. Nilifikiri tutaonana kule ku tribunal."

"Ni maulizo mbili tu, patron, ya kufunga dossier. Madame iko?"

"Alisafiri. Iko Kinshasa."

"Na Graciella?"

"Iko ku masomo. Atatoka saa saba, chauffeur atamuchukua."

"Donc uko peke yako mu nyumba."

"Peke yangu na sentinelle. Juu ya nini?"

"Naandika tu." Aliandika kweli. "Unaweza kuzima télé? Siku hizi masikio yangu si muzuri."

Alisita, kisha akazima. Nyumba ikanyamaza. Ukutani, karibu na korido inayokwenda vyumba vya nyuma, kulikuwa na misumari miwili ya kutundikia magitaa. Mmoja ulikuwa na gitaa la kawaida la nyuzi sita. Wa pili ulikuwa mtupu.

"Pale kulikuwa ingine?"

"Ya mutoto. Iko kwa fundi, Katuba."

"Kwa Papa Godé?"

"Njo yeye."

Honorine aliandika na hilo pia. Lakini gitaa lile lilitoka kwa Godefroid siku kumi zilizopita. Aliinuka, akachukua gitaa la nyuzi sita ukutani kabla mwenye nyumba hajasema neno, akakaa nalo karibu na mlango wa korido. Djo alijisogeza taratibu hadi akawa kati ya mlinzi na mlango wa mbele.

"Unapigaka gitaa, mama?" Rodrigue alicheka kidogo.

"Najifunza."

Alipiga uzi wa pili kutoka chini, kwa nguvu, akauzima kwa kiganja.

Gitaa lake lilinyamaza. Nyuma, ndani ya korido, kitu kiliendelea. Wa-wa-wa-wa. Kikafifia.

Rodrigue alikuwa ameshika ncha mbili za tai yake. Mikono ilisimama. "Nyumba ya zamani," alisema. "Bati inalialiaka."

"Ah, bati." Honorine alibonyeza uzi uleule kwenye nafasi ya kwanza, akapiga kwa nguvu ileile, akazima. Hakuna kitu. Kimya kama cha kisima. Akauachia wazi, akapiga tena, akazima.

Wa-wa-wa-wa.

"Bati inachaguaka noti, patron?"

"Inatosha." Rodrigue alivuka chumba na kunyosha mkono. "Leta ile gitaa. Niko na saa ya kuvaa, avocat ananingoja. Kama uko na mandat, nionyeshe. Kama hauna, mulango ni ule."

Hakuwa na kibali. Alichokuwa nacho ni gitaa lililojibu gitaa, na hilo halikuwa mtu anayeomba msaada. Djo alimtazama. Honorine aliinuka polepole, akaanza kumrudishia Rodrigue gitaa lake, na kwa kidole gumba, kana kwamba ni bahati mbaya, akaupiga ule uzi mara ya mwisho.

Waliusikia mlio ukififia kule nyuma. Kisha, baada ya kimya, ukaja mwingine.

Ulikuwa wa juu, safi, kama kengele ndogo. Mara moja. Halafu tena. Halafu mara ya tatu.

"Ni Graciella," Rodrigue alisema haraka. "Anafanya mazoezi."

"Graciella iko ku masomo," Honorine alisema. "Atatoka saa saba. Nimeandika hapa."

Mlinzi alipiga hatua moja mbele, na Djo akamwekea mkono kifuani.

"Fungula ule mulango, patron."

"Mandat iko wapi?"

"Kule nyuma kuna mutu, na weye umesema hakuna. Anaita. Flagrance haiombake mandat. Djo!"

Djo alipita kwenye korido kama lori lisilo na breki. Mlango wa mwisho ulikuwa na kufuli mpya. Alipiga bega mara ya kwanza, mbao zikalia. Mara ya pili kitasa kilitoka na kipande cha fremu.

Abigaël alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kitambaa kimefungwa mdomoni, mikono imefungwa mbele kwa kamba ya nailoni. Gitaa la nyuzi kumi na mbili lilikuwa magotini mwake. Kidole cha mkono mmoja kilikuwa bado kimegusa uzi katikati kabisa. Kidole gumba cha mkono wa pili kilikuwa juu ya nyuzi, tayari kupiga tena. Dirisha lilikuwa na vyuma, na juu yake pazia zito la blanketi.

Honorine alikata kamba kwa kisu cha Djo, akavua kitambaa.

"Walinifunga sasa hivi," Abigaël alisema kwa sauti iliyokauka. "Mulipofika. Asubuhi walinipa telefone, nisome karatasi. Halafu waliichukua." Alikohoa. "Nilifikiri hamutasikia."

"Tulisikia."

"Ni saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

Alisimama kwa kushika ukuta. "Basi twende. Kambale ananingoja."

*

Saa nane na dakika kumi jaji alikuwa tayari amemwita shahidi mara mbili, na karani alikuwa ameandika "hayupo". Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Abigaël aliingia na nguo za jana, nywele zina vumbi. Nyuma yake aliingia Honorine, na nyuma ya Honorine, kati ya Djo na polisi mwingine, Rodrigue katika suti yake ya kijivu, tai mfukoni. Mawakili wake watatu walisimama kwa pamoja, wakatazama pingu, wakakaa mmoja baada ya mwingine.

Kambale, kwenye benchi la washitakiwa, hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kinyozi.

Abigaël alisema alichokisema siku nane kabla, kwa maneno yaleyale. Jaji alimuuliza nani alikuwa kwenye usukani. Alimnyooshea Rodrigue kidole. Jaji alimuuliza kwa nini alikaa wiki mbili bila kusema.

"Woga," alijibu. "Alikuwa ananilipa kazi, na mama yangu iko mugonjwa. Siombe munisamehe juu ya zile siku. Ninasema tu ilikuwa namna ile."

Wakili mmoja alijaribu swali, akaliacha katikati. Saa kumi kasoro robo jaji aliamuru Kambale aachiliwe, na Rodrigue akapelekwa kulekule Kambale alikotoka. Hapo ndipo Kambale aliinua kichwa. Alimtazama Abigaël kwa muda mrefu, kisha mke wake akawa amemfikia na hakuonekana tena kwa mikono iliyomzunguka.

Nje, kwenye veranda ya mahakama, Honorine alikuwa akimpeleka Abigaël garini mama mmoja aliposimama mbele yao. Alikuwa amevaa kitenge cheusi cha matanga. Alikuwa Céline, mjane wa Onésime. Alikuwa amekaa benchi la nyuma kesi yote.

"Ulishuka mu gari?" alimuuliza Abigaël.

Honorine alitaka kuingia kati. Abigaël alimzuia kwa mkono.

"Ndiyo, mama. Nilishuka. Patron alinivuta nirudi."

"Alikuwa muzima?"

"Alikuwa anapumua."

"Alisema kintu?"

Hakuna aliyemuuliza hilo mahakamani. Halikuwa kwenye faili.

"Alisema, mutoshe kinga mu njia. Kusikuwe mutu mwingine anaangukia."

Céline alitikisa kichwa, taratibu. Kinga ilikuwa ile baiskeli ya makaa ya mumewe; alikuwa ameomba itolewe barabarani. Watu walipita kati yao wakishuka ngazi.

"Na mulitosha?"

"Nilitosha. Kabla anivute. Niliiweka ku majani, pembeni."

"Njo maana tuliikuta pale," Céline alisema. "Nzima. Nilijiuliza kila siku nani aliiweka vile."

Alishika mkono wa Abigaël, akaugeuza, akatazama alama za kamba na damu iliyokauka pembeni mwake. Akaushikilia.

"Kule nyuma kuna maji," alisema. "Kuja unawe."